Nakumatt niliyoijua: uzoefu wa mteja

Duka lenyewe halipo tena, kwa hiyo tathmini hii haitamsaidia yeyote kuamua aende au asiende. Naiandika kwa sababu siku hizi Nakumatt, iliyokuwa mtandao mkubwa wa supamaketi wa Kenya, ikitajwa, mazungumzo yote huwa ya madeni, kesi na wadai. Hayo ni kweli na nitayagusa. Lakini sisi tuliokulia Nairobi ya miaka ya 2000 tulikuwa wateja pale, na mteja naye ana ushahidi wake. Wangu ni huu: lilikuwa duka kubwa la kwanza kuniruhusu, mimi na mama yangu, kuangalia kitu, kukishika, kukiuliza maswali na kukirudisha kwenye rafu bila kuona haya.

Aliyezoea maduka ya sasa huenda asione uzito wa jambo hilo. Mtaani kwetu biashara ilifanyika dirishani. Duka lilikuwa na nondo, unataja unachotaka, unapitisha pesa, unapitishiwa unga au sabuni. Ukienda mjini kutafuta redio au sufuria nzuri, muuzaji alikutazama viatu kabla ya kukujibu bei. Mtu aliingia dukani akiwa na pesa mkononi, la sivyo hakuingia. Pale Nakumatt ulikabidhi mizigo yako mlangoni, ukapewa kibati chenye namba, kisha ukawa huru. Jumamosi familia nzima zilipita katikati ya rafu kwa saa nzima na kutoka na mkate na paketi ya maziwa, na keshia akazihudumia sawa na aliyejaza troli mbili.

Tawi nililolipenda kuliko yote ni Nakumatt Lifestyle, pale katikati ya jiji. Wengi waliiita supamaketi tu, lakini kwangu lilikuwa duka la kila kitu hasa. Chini ulipata chakula na sabuni. Ukipanda juu, ulikuta seti za sahani, mapazia, magodoro, baiskeli za watoto, viti vya sebuleni vilivyopangwa kana kwamba wageni wanakaribia kufika. Mama alikuwa na desturi ya kukaa kidogo kwenye kochi moja, kulibonyeza kwa kiganja, kutazama kibandiko cha bei na kuinuka. Hakuna siku aliyofukuzwa. Kijana mmoja wa idara ile alifika hata kutueleza tofauti ya sponji nzito na nyepesi, akijua wazi kwamba hatununui. Mama alisikiliza kwa makini, na maelezo yale aliyatumia baadaye alipomwagiza fundi wa Gikomba amtengenezee kochi lake.

Kuhusu vyombo vya umeme, hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo huduma yao ilipong'ara. Hukubeba kitu kikiwa kwenye boksi lililofungwa ukaenda kukikuta kibovu nyumbani. Kulikuwa na kaunta ya kujaribia. Mama alipochagua pasi, mhudumu alilikata boksi kwa ncha ya kalamu, akaitoa pasi, akanyoosha waya na kuichomeka.

"Kijana, hebu iache ishike moto kabisa," mama alimwambia.

"Sawa, mama. Hatuna haraka."

Taa ndogo nyekundu ikawaka. Tulisimama pale sote watatu tukiingoja kama wapishi wanaongoja chungu. Mama akalowesha ncha ya kidole kwa mate, akaigusa sehemu ya chini ya pasi mara moja, ikasema *tss*. Akatikisa kichwa kukubali. Kijana akaichomoa, akasubiri ipoe, akaikunja waya vilevile ilivyokuwa kiwandani, akajaza karatasi ya waranti kwa mwandiko wa polepole na kuipiga muhuri. Balbu nazo zilijaribiwa, moja baada ya nyingine, hata kama ni ya bei ya chini kabisa. Maduka mengine ya Kenya hujaribu balbu pia, sidai kwamba Nakumatt ndio waliolianzisha jambo hilo. Ninachosema ni kwamba pale hakuna aliyekuharakisha, na kwa mtu anayenunua pasi mara moja katika miaka mingi, utulivu ule ni sehemu ya bidhaa.

Januari ilikuwa habari nyingine. Wiki ya kufungua shule, sehemu ya vitabu na madaftari ilijaa wazazi wenye orodha mikononi: madaftari ya mistari na ya miraba, seti ya jometri, kamusi, karatasi za kufunikia vitabu, rangi ya viatu. Wanaokwenda bweni waliongeza sanduku la bati, ndoo na kufuli. Wazazi wasiojuana walisaidiana kusoma orodha za walimu. Jasho lilikuwa jingi na foleni za keshia ndefu, na hiyo nayo niiseme wazi: mwisho wa mwezi na Januari, kulipa kulichosha kuliko kununua. Ulipomaliza, askari wa mlangoni alichukua risiti, akaitazama, akaipiga kalamu, akakuruhusu.

Kisha kulikuwa na saa zao. Baadhi ya matawi yalifunguliwa usiku kucha, saa 24. Leo supamaketi za Naivas na Quickmart zina matawi ya aina hiyo, lakini kwa rika langu Nakumatt ndiyo iliyotuzoesha kwamba jiji linaweza kuwa na mlango mmoja usiofungwa. Usiku wateja walikuwa tofauti kabisa na wa mchana. Ungekutana na muuguzi aliyetoka zamu akiwa bado na viatu vyake vyeupe, dereva wa teksi akichagua betri, baba mwenye nepi chini ya kwapa anayetaka kurudi nyumbani mbio. Hakuna msongamano, muziki uko chini, wafanyakazi wanapanga makopo upya na kufuta sakafu. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, usiku wa mtihani niliweza kwenda kununua kalamu na kahawa na kurudi, na barabarani karibu na duka nilijihisi salama kwa sababu ya zile taa na askari waliokuwepo. Huwezi kuiandika huduma hiyo kwenye risiti, lakini niliipata.

Mkate wao wa jioni siwezi kuuruka. Ukifika wakati matrei yanatolewa, ulipewa mkate ungali na moto, na mfuko ulifanya ukungu kwa ndani. Ulifika nyumbani umekatwa pembe moja. Kila nyumba ninayoijua ilikuwa na mtoto aliyeshtakiwa kwa kosa hilo.

Na ile mifuko yenyewe, yenye picha ya tembo! Haikutupwa. Ilikunjwa na kuwekwa chini ya godoro, ikasafiri kwenda mashambani Desemba ikiwa na nguo za sikukuu, ikarudi na mahindi mabichi na maparachichi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza Kenya tarehe 28 Agosti 2017, nilikubaliana nayo kwa moyo wote, maana mitaro yetu ilikuwa imeziba. Hata hivyo niliona kwamba tembo yule anaondoka mikononi mwa watu mwaka uleule ambao duka lenyewe lilikuwa linayumba.

Siwezi kuisifu Nakumatt bila kusimama mahali pawili. Januari 2009 moto uliteketeza Nakumatt Downtown katikati ya Nairobi, na zaidi ya watu 20 wakafa, wateja na wafanyakazi. Kwa muda mrefu baada ya hapo mama hakuingia jengo lolote kabla ya kuuliza mlango wa dharura uko wapi, na mimi nimeirithi tabia hiyo. Halafu Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013, magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, na kuua watu 67, duka kubwa ndani ya jengo lile lilikuwa Nakumatt. Wengi waliokufa na waliojificha walikuwa wameenda kufanya manunuzi ya kawaida ya wikendi, manunuzi kama yetu. Westgate ilifunguliwa tena Julai 2015 na Nakumatt ikarudi pale. Nilikwenda, nikanunua vitu vichache, nikawaangalia wale keshia na kuwaza wamepata wapi nguvu ya kurudi kazini. Niliwasalimu kila mmoja niliyempita, ndilo jambo pekee nililoweza kufanya.

Historia ya Nakumatt ilinivutia tangu utotoni, hasa kwa vile ilianzia mji wa Nakuru kama biashara ya familia ya kuuza magodoro, Nakuru Mattresses. Kutoka magodoro hadi matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda ni safari ndefu, na kama Mkenya niliionea fahari. Nilipofika Kampala nikamkuta tembo wetu Oasis Mall, nilijisikia kama nimekutana na jirani. Kigali walikuwa pale Union Trade Centre. Tanzania walichukua maduka ya Shoprite mwaka 2014.

Huenda upanuzi huo ndio uliowamaliza. Mimi si mhasibu, nasema nilichokifuata kwenye magazeti. Madeni yalipita shilingi bilioni 30. Mwaka 2017 wasambazaji ambao hawakuwa wamelipwa walisitisha bidhaa, na kila aliyeishi Nairobi anakumbuka rafu za mwaka ule: paketi moja mbele, nyuma yake hewa, au chupa za maji zimepangwa kujaza nafasi ya mchele. Wenye majengo wakadai kodi, matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Yalikuwepo mazungumzo ya kuungana na supamaketi ya Tuskys, hayakufika popote, na Tuskys yenyewe haikudumu sana baada ya hapo. Januari 2018 mahakama ikaiweka Nakumatt chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa, na maduka 6 yaliyokuwa yamebaki yakaenda kwa Naivas. Carrefour, waliofungua duka lao la kwanza Kenya mwaka 2016, walikuwa wamekwisha kuingia katika kumbi kadhaa zilizokuwa za Nakumatt, ikiwemo Thika Road Mall.

Maduka ya sasa ni mazuri. Yana bei nzuri, yana mboga freshi kuliko zile za Nakumatt, na kulipa kwa simu kumepunguza foleni. Ninachokikosa ni ile ghorofa ya juu. Siku hizi samani zina duka lake, vyombo vya umeme duka lake, vitabu duka lake, na kila moja lina mtu mlangoni anayeuliza kwa upole, "Nikusaidie na nini?" Ni swali la adabu, lakini mtu asiye na pesa siku hiyo hujikuta hana jibu. Kule Lifestyle hukulazimika kuwa na jibu. Mtoto wa Eastlands aliweza kupanda ngazi, akaizungusha pedali ya baiskeli kwa mkono, akajua bei yake kamili hadi senti, akarudi nyumbani na hesabu ya kuweka akiba. Baiskeli yangu niliipata hivyo, kwa akiba iliyochukua muda mrefu, na siku ya kuinunua mhudumu aliishusha ngazi begani mwake mwenyewe na kunijazia upepo bila malipo.

Nikiulizwa nyota, natoa 4 kati ya 5. Kwa kuwajali wateja ningetoa zote. Moja naizuia kwa ajili ya wakulima na wafanyabiashara wadogo waliopeleka bidhaa kwa mkopo na kupoteza pesa zao, na kwa ajili ya maelfu ya wafanyakazi, wakiwemo vijana wa ile kaunta ya kujaribia, waliojikuta bila kazi kwa kosa ambalo halikuwa lao.