London hadi Birmingham, treni au basi: uzoefu wangu

Swali la "treni au basi" kwa njia hii lina kasoro, kwa sababu treni si moja: kuna za kampuni tatu. Avanti West Coast inatoka stesheni ya Euston, London, hadi Birmingham New Street kwa saa moja na dakika 20 hivi. London Northwestern nayo inatoka Euston kwenda New Street, lakini inasimama vituo vingi na inakula saa mbili na kidogo. Chiltern inatoka stesheni ya Marylebone, London, na kukushusha Moor Street, Birmingham, chini kidogo ya saa mbili. Basi kutoka Victoria Coach Station hadi kituo cha Digbeth ni kama saa tatu, barabara ikiwa nyeupe. Tofauti ya nauli kati ya Avanti na hizo treni mbili nyingine mara nyingi ni kubwa kuliko tofauti kati ya hizo mbili na basi.

Nikilipa kwa mfuko wangu, napanda London Northwestern. Tiketi yake ya Advance ikinunuliwa mapema huikaribia nauli ya basi, na unaokoa karibu saa nzima. Tatizo ni siti: London Northwestern na Chiltern hazina siti za kuwekewa. Jioni ya Ijumaa ukifika dakika ya mwisho utasimama mlangoni na begi lako mpaka abiria wa Milton Keynes washuke. Avanti unachagua siti bila malipo ya ziada.

Advance kwa kawaida hufunguliwa kama wiki 12 kabla ya safari, na hiyo ndiyo bei rahisi. Inakufunga kwenye treni moja tu. Ukiikosa kwa uzembe, tiketi imekufa. Ukiikosa kwa sababu treni iliyokuleta kuiunga imechelewa, na zote zimo kwenye safari uliyolipia, unapanda inayofuata. Usishuke njiani ukadhani utaendelea baadaye, hairuhusiwi. Kuibadilisha inawezekana kabla ya treni kuondoka, kwa ada pamoja na tofauti ya nauli. Kama hujui utatoka saa ngapi, nunua Off-Peak, tiketi isiyokufunga kwenye treni moja. Asubuhi za siku za kazi ina saa zilizozuiwa, basi zisome kabla ya kulipa.

Kosa linalowagharimu watu wengi Euston ni hili: tiketi imeandikwa kampuni moja, mtu anapanda treni ya kampuni nyingine kwa kuwa nayo inakwenda Birmingham na inaondoka mapema. Mkaguzi hatakuonea huruma. Faini ya kusafiri bila tiketi halali England inaweza kuwa pauni 100 juu ya nauli, na hupungua kuwa pauni 50 ukilipa ndani ya siku 21. Namba ya jukwaa pale Euston wakati mwingine hutangazwa dakika chache tu kabla ya treni kuondoka, kisha ukumbi mzima unakimbia kwa pamoja, na hapo ndipo watu huingia treni isiyo yao. Tazama jina la kampuni ubaoni, si mji tu.

Railcard inapunguza theluthi moja ya nauli kwa pauni 35 kwa mwaka, kwa hiyo tiketi za jumla ya pauni 105 zinairudisha. Mwanafunzi wa masomo ya muda kamili anaweza kupata ya 16-25 hata akiwa na miaka 40; wengi hawalijui hilo. Two Together ni ya watu wawili wanaosafiri pamoja, lakini siku za kazi haifanyi kazi kabla ya saa 3:30 asubuhi. Simu ikizimika na kadi imo humo, unahesabiwa huna kadi. Chaji.

Treni ikichelewa, kuna fedha. Kwa mfumo wa Delay Repay, dakika 15 hadi 29 unarudishiwa robo ya nauli ya kwenda tu, dakika 30 hadi 59 nusu, na kuanzia saa moja nauli yote. Dai ndani ya siku 28 na utunze tiketi. Basi likikwama kwenye foleni ya barabara kuu ya M1, usitarajie fidia ya namba hizo.

Udhaifu mkubwa wa basi ni London yenyewe. Kutoka Victoria linatambaa katikati ya jiji kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuiona barabara kuu. Baadhi ya mabasi ya kaskazini husimama Golders Green, kwenye Northern line ya treni ya chini ya ardhi. Golders Green ikiwemo kwenye orodha ya vituo vya safari yako, kata tiketi ya kupandia hapo ukwepe foleni ya mjini. Kutoka stesheni ya treni ya Victoria hadi kituo cha mabasi ni mwendo wa dakika kumi, na begi lenye magurudumu mabovu huzifanya kumi na tano. Fika nusu saa kabla.

Mahali basi linashinda bila ubishi ni Heathrow. Mgeni anayetua kutoka Nairobi na masanduku mawili, kumpeleka Euston kwa treni ya chini ya ardhi ni kumtesa: ngazi, msongamano, kubadilisha laini. Basi la moja kwa moja hadi Birmingham linaondoka uwanjani hapohapo. Angalieni kilo tu. Ndege inaruhusu 23 kwa sanduku, ila kikomo cha basi mara nyingi ni 20, na FlixBus inatoa begi moja tu la kwenye buti pamoja na la mkononi la kilo 7. Lipia begi la ziada unapokata tiketi, maana dereva ana haki ya kulikataa. Kwenye treni hakuna anayepima, ila kubeba na kupandisha ni juu yako.

Basi pia hutembea usiku kucha, wakati treni zimelala. Na tarehe 25 Desemba treni hazitembei kabisa. Yapo mabasi machache ya National Express, na hujaa mapema. Jumapili zenye ukarabati wa reli unaweza kulipa nauli ya treni ukajikuta kwenye basi la kufidia, kwa hiyo kagua ratiba ya tarehe yako kabla ya kukata.