Bima ya Gari Linalolala Kigoma na Bujumbura: Tathmini Baada ya Miaka Mitatu

Nyumba yangu iko Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma, na duka la mke wangu liko Bujumbura. Kwa hiyo mwaka wetu umegawanyika karibu nusu kwa nusu, na gari letu, Toyota yenye namba za Tanzania, huenda na kurudi pamoja nasi. Kwa miaka mitatu nimelikatia bima kwa wakala mmoja wa mjini Kigoma, ambaye sitamtaja jina, na ninavyovipima hapa ni vitu viwili alivyoniuzia kwa pamoja: bima kubwa ya Tanzania, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, na Kadi ya Njano ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), inayowalipa watu unaowadhuru ukiwa na gari lako katika nchi nyingine. Fedha niliyoitolea kadi siijutii. Bima kubwa, kwa jinsi nilivyouziwa mwaka wa kwanza, ilikuwa na pengo ambalo sikulijua mpaka siku lilipoingia mfukoni mwangu.

Nianze na bei, kwa kuwa ndilo jambo ninaloulizwa kwanza na kila jirani. Bima ndogo, ile inayowalipa watu wengine unaowadhuru na ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, ni shilingi 118,000 kwa mwaka kwa gari binafsi, yaani 100,000 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Bima kubwa hukadiriwa kwa thamani ya gari, na kiwango nilichotozwa ni asilimia 3.5. Gari langu lilithaminiwa shilingi milioni 15, hivyo ada ikawa 525,000, na kodi ilipoongezwa nikalipa 619,500. Fedha hulipwa kwanza, ndipo bima ianze. Ahadi ya "nitamalizia mwisho wa mwezi" haina nafasi. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, na uhalali wake unaweza kuuhakiki mwenyewe kwa simu katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kabla hujainuka kwenye kiti cha wakala. Nilifanya hivyo, naye hakuchukia, jambo ambalo nalihesabu upande wake.

Kuhusu kadi, wapo wanaoamini kwamba Mtanzania hawezi kuipata kwa sababu nchi yetu ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kujitoa huko ni kweli, lakini Tanzania ilibaki katika mpango wa kadi, ambao mkataba wake ni wa mwaka 1986, na Burundi pia imo. Utaratibu wake ni rahisi kuuelewa ukielezwa vizuri: kila nchi mwanachama ina ofisi yake ya mpango, mgeni akisababisha ajali, ofisi ya nchi ile hushughulikia dai na kumlipa aliyeumia kwa kufuata sheria za pale pale, kisha hurejeshewa fedha na ofisi ya nchi iliyotoa kadi, nayo huidai kampuni iliyomkatia bima mwenye gari. Kadi hubeba pia gharama za matibabu za dereva na abiria wa gari lenyewe. Haisimami peke yake, maana ni nyongeza juu ya bima uliyonayo nyumbani. Haitumiki ndani ya nchi iliyoitoa. Na nje inatumika tu katika nchi zilizoandikwa juu yake. Mwaka wa pili karani alisahau kuijaza Burundi, akaacha Rwanda na Uganda, ambako sikuwa na safari yoyote. Niliona kosa hilo nikiwa bado dukani kwake, nikarudishiwa kadi sahihi baada ya nusu saa.

Njia yetu ni ya mpaka wa Manyovu. Ukishavuka Mugina, upande wa Burundi, unapita Mabanda, unateremka hadi Nyanza-Lac, halafu unaufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kupitia Rumonge mpaka Bujumbura. Burundi huendesha upande wa kulia, ilhali usukani wa gari langu uko kulia kama magari yote ya huku kwetu, kwa hiyo nikitaka kulipita lori sioni mbele mpaka abiria wa kushoto aniambie. Mke wangu amekuwa jicho langu la pili kwa miaka mingi, na siku ya ajali hakuwepo. Kilomita chache kabla ya Rumonge nilijitokeza kuangalia, nikarudi kwa haraka, nikampiga kwa ubavu wa gari kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli iliyosheheni ndizi. Alivunjika mguu. Taa yangu ya mbele ilipasuka na bamba la pembeni likakunjika.

Hapo ndipo kadi ilipoonyesha kazi yake. Askari wa barabarani aliitazama, akanakili namba yake pamoja na ya leseni na ya kadi ya gari, akaandika maelezo yake kwa Kifaransa. Kiha changu na Kirundi chao vinasikilizana bila taabu, lakini karatasi hazisikilizani. Nililazimika kumtafuta mtu wa kunifasiria kila mstari kabla ya kutia sahihi, na ninamshauri kila msafiri afanye hivyo hata kama jua linazama. Nilitoa taarifa kwa wakala siku ile ile kwa simu. Matibabu ya kijana yalilipwa, na fidia yake ilishughulikiwa hukohuko Burundi bila mimi kuitwa kugawana chochote. Ilichukua miezi, lakini ililipwa.

Niliporudi Kigoma na picha za taa na bamba, nikidai fidia ya gari langu mwenyewe chini ya bima kubwa, niliambiwa kwamba mkataba una kifungu cha mipaka ya kijiografia, na mipaka hiyo ni Tanzania. Nilimkumbusha wakala maneno aliyoniambia siku ya kununua: "Mzee wangu, bima kubwa inakwenda kila mahali." Alinijibu kwamba alikuwa akizungumzia kila mahali nchini. Sikuona haja ya kubishana, kwa sababu kifungu kilikuwa kimeandikwa na mimi ndiye niliyeacha kukisoma. Lakini mtu anayemwambia wakala waziwazi kwamba nusu ya mwaka atakuwa Bujumbura anastahili kuelezwa bila kuuliza. Kwa hilo nampunguzia alama nyingi.

Mwaka uliofuata niliomba kiambatisho cha kuipanua bima kubwa hadi Burundi. Kipo, kinalipiwa nyongeza, na nyongeza yenyewe ilikuwa ndogo kuliko nilichotumia kwa taa moja. Kwa mwenye makazi mawili hicho ndicho cha kudai kwanza, kwa maandishi, huku tarehe zake zikilingana na za kadi. Pia nilibadilisha jibu langu katika fomu. Swali la mahali gari linapolala usiku nilikuwa nimelijibu "Mwandiga" tu, jibu ambalo lilikuwa kweli kwa nusu, na bima hujengwa juu ya ukweli mzima; kampuni ikigundua baada ya wizi kwamba gari lilikuwa likilala Bujumbura kwa miezi, ina sababu ya kukataa dai. Jambo hili si dogo kwetu, kwa sababu uhaba wa mafuta ya Burundi umewahi kuliacha gari langu limeegeshwa wiki tatu nyuma ya duka, likiwa mali ya mwizi, moto au maji ya ziwa kuliko mali yangu. Niliuliza kama ninaweza kusimamisha bima kwa muda gari linapokaa bila kutembea, nikaambiwa huduma hiyo hawana. Ni upungufu, ingawa gari lililoegeshwa nalo huibwa.

Kwa anayevuka mara moja kwa mwaka kwenda harusini, bima ndogo na kadi ya muda mfupi vinatosha. Kwa yule ambaye gari lake limehamia Bujumbura kwa kweli na Kigoma linakuja kutembea tu, mpangilio huu haumfai, maana kadi ni ya mgeni, na kibali cha forodha cha gari la kigeni kina ukomo wake. Huyo aandikishe gari huko na akate bima huko. Sisi wa katikati ndio tunaofaidika. Wakala wangu nimebaki naye, kwa sababu anapokea simu hata Jumapili, na kwa sababu safari hii alinisomea kifungu cha mipaka kwa sauti kabla sijamwomba. Jambo moja bado halijakaa sawa: bima yangu inaisha Januari, wakati niko Bujumbura, na kampuni hutaka kulikagua gari kabla ya kuihuisha bima kubwa. Nimekubali kulipia muda mfupi wa kujazia, ili kuanzia mwaka huu tarehe ya kuhuisha iwe Juni, gari likiwa Mwandiga chini ya mwembe.