Uzoefu wangu na vikundi vya kuacha pombe Mombasa: nani anapokea simu saa kumi na moja jioni?

Nimepitia vikundi vya aina nne hapa Mombasa: mikutano ya ana kwa ana ya AA (Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha bila kutajana majina kamili), makundi ya WhatsApp, mikutano ya mtandaoni ya SMART Recovery (mpango wa mazoezi ya kuacha, usio wa kidini), na vikundi vya watu waliotoka vituo vya matibabu ya uraibu. Nilivyopitia havikuwa na ada. Uamuzi wangu niuseme mapema: usikipime kikundi kwa jinsi mkutano wake unavyogusa moyo. Uliza tu kama ukipiga simu saa kumi na moja jioni yuko mtu wa kuipokea.

Saa hiyo ina sababu yake. Sheria ya vileo ya 2010, ile inayojulikana kama sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeisukuma, inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Ni wakati ule ule ambao kazi imeisha, tumbo liko tupu, pesa ya kibarua iko mfukoni na matatu zimejaa. Mkutano wa Jumapili asubuhi ni mzuri, lakini aliyeteleza Jumamosi saa tisa haukumfikia. Vikundi vingi nilivyoona vimeiacha Jumamosi alasiri tupu, na hilo ndilo pengo la kwanza ninaloangalia kwenye ratiba.

Kabla sijaenda mbali, kikundi si hospitali, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri. Mtu anayekunywa kila siku, anayelazimika kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi, ndipo mikono itulie, au aliyewahi kupata degedege alipokosa pombe, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili ulioizoea unapoikosa, kwa kawaida huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kukataa. Degedege ikija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo na joto la mwili hupanda. Hali hiyo huua. Hospitalini mgonjwa hupewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepam kwa kipimo kinachoshushwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo hutangulizwa kabla ya dripu ya sukari kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo na ubongo unaweza kudhurika. Hospitali ya Rufaa ya Pwani iko pale Kisiwani, na Port Reitz ina huduma ya afya ya akili kwa wa upande wa Changamwe. Kikundi kinachomwambia mgeni "vumilia, itapita" bila kumuuliza anakunywa kiasi gani na lini alikunywa mara ya mwisho, simpeleki mtu huko.

Kuna kipimo rahisi cha kujijua kabla ya kuamua: AUDIT, maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, alama kuanzia 0 hadi 40. Ukifika 8 unywaji wako umeanza kuwa wa hatari. Ukifika 20 na kuendelea, anza na daktari, halafu kikundi.

Sasa AA. Ilianza Akron, Ohio, Marekani, mwaka 1935, na sharti lake la kuingia bado ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu wala kitambulisho. Kapu hupitishwa, mwenye hamsini anatia, asiye nayo analipitisha kwa jirani, na mgeni halazimiki. Mkutano huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Ule wa wazi unaweza kuhudhuriwa na mke, ndugu au mwanafunzi, ule wa kufungwa ni wa wenye tatizo lenyewe. Uliza ni upi kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu kumpeleka mama yako kwenye mkutano wa kufungwa ni kumfanya asubiri nje juani.

Ndani, mtu hujitambulisha kwa jina la kwanza, huzungumza dakika chache, na hakuna anayemjibu wala kumkatiza. Sisi watu wa Pwani tumezoea baraza, ambako neno hudakwa kabla halijafika chini, kwa hiyo kimya kile huwatisha wageni. Wanadhani wamesema vibaya. Hapana. Kanuni ya kutojibizana ndiyo inayomruhusu mtu kutaja jambo ambalo hajawahi kulitaja popote, na mwenyekiti anayeiacha ivunjwe ili wazee watoe mawaidha anaubomoa mkutano. Kwa wanaotaka ushahidi: mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yenye tafiti 27 na washiriki 10,565, yaligundua kwamba AA pamoja na tiba zinazomwelekeza mtu huko zinafanya vizuri sawa na tiba nyingine zilizothibitishwa, na katika kudumu bila pombe kabisa mara nyingi zinazipita.

Kinachoisumbua AA hapa ni mambo ya mji wenyewe. Kumbi nyingi za mikutano ni za makanisa, na Mwislamu anayeogopa kuonekana anaingia pale atazunguka mtaa mara tatu kisha arudi nyumbani. Vikundi vinavyojali hilo hutafuta chumba katika zahanati au ofisi ya jumuiya. Saa nayo ina maana: mkutano wa saa kumi na mbili hadi saa moja unagongana na magharibi. Ukianza saa kumi na moja kamili na kufungwa kwa wakati, mtu anaswali akiwa na wenzake badala ya kutoka katikati. Ramadhani ndio mwezi unaodanganya zaidi. Wengi huacha siku zote za mfungo bila shida kubwa, halafu wanapotea siku ya pili ya Idi. Kikundi chenye akili huhamisha mikutano baada ya tarawehe na kuweka mmoja wa ziada siku ya Idi yenyewe, jioni, wakati wageni wametawanyika. Hatua kumi na mbili za mpango wa AA zinamtaja Mungu kadiri kila mtu anavyomwelewa, na nimeona Mkristo, Mwislamu na asiye na dini wakizifanya hatua zile zile bila kugombana.

Mdhamini, yaani mwanachama wa AA aliyetangulia anayekuongoza mmoja kwa mmoja, ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko mkutano. Tafuta mtu mwenye angalau mwaka mmoja bila pombe, wa jinsia yako, na anayeishi upande wako wa maji. Hilo la mwisho watu hulidharau. Mdhamini wa Bamburi kwa mtu wa Likoni, saa mbili usiku na foleni ya feri ilivyo, ni mdhamini wa simu tu. Akikwambia uache dawa za presha, za kifafa au za msongo wa mawazo eti "ni uraibu ule ule", badilisha mdhamini siku hiyo hiyo. Wanawake nawashauri waulize kama kuna kikundi cha wanawake peke yao, kwa sababu wako wanaume wanaomwona mgeni aliyedhoofika kama nafasi, na kikundi makini humsimamisha mtu wa namna hiyo mbele ya wote.

Simu yenyewe inapaswa kwenda hivi. Anayepokea hahubiri. Anauliza: "Uko wapi saa hii, ndugu yangu? Umekula? Mfukoni una ngapi?" Ukijibu kwamba uko Mwembe Tayari, hujala tangu asubuhi na una elfu mbili, jibu ni la vitendo: ingia hoteli iliyo karibu, agiza chapati na maharagwe, tuma elfu moja na mia tano kwa dada yako sasa hivi nikiwa hewani, bakisha ya chakula na nauli, ukishakula nipigie tena. Hamu ya pombe hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, na njaa, hasira, upweke na uchovu huikuza. Chakula na pesa ndivyo viwili vinavyoshikika haraka. Ndiyo maana nataka kikundi kimpe mgeni namba tano, moja haitoshi, naye azipige siku ambazo hana shida, ili siku ya shida kidole kiwe kimezoea.

Makundi ya WhatsApp yana sifa moja kubwa: yako macho usiku. Lakini namba yako huonekana kwa kila mwanachama, na Mombasa ni mji wa "mimi namjua huyu, ni mtoto wa fulani". Tumia laini ya pili, toa picha ya wasifu, weka jina la kwanza tu. Kagua sheria tatu kabla ya kuandika lolote: hakuna kupiga picha ya skrini, hakuna kumfuata mtu faraghani bila ruhusa, hakuna kuomba wala kukopesha pesa. Kundi la watu mia mbili ni redio. La watu kumi na wawili hadi ishirini linatosha, kwani asiyeandika siku mbili anaulizwa yuko wapi. Kinachoharibu makundi haya ni video za kutumwa tumwa na sala ndefu zinazoufunika ujumbe wa mtu aliyeandika "nina hali mbaya" saa nne usiku.

SMART Recovery ilianza Marekani mwaka 1994 na haina hatua wala dini. Ni mazoezi: kujenga sababu za kuacha, kukabili hamu, kusimamia mawazo na hisia, kupanga maisha yenye uwiano. Jedwali lao la faida na hasara za kunywa, ukilijaza kwa uaminifu, linafanya kazi hata peke yako mezani. Shida ni mbili. Mikutano mingi ni kwa Kiingereza, na saa za Marekani hazitufai: saa moja jioni ya New York ni saa nane au tisa ya usiku kwetu. Tafuta ya Uingereza, ambako saa moja jioni huangukia saa tatu au saa nne usiku hapa, wakati baa bado ziko wazi. Zima kamera, bando itakaa.

Kwa anayetaka kupunguza badala ya kuacha, AA si mahali pake, na kumlazimisha akae pale ni kumfundisha uongo. Atafute wenzake wenye lengo lile lile, hata watatu, na wahesabu kwa gramu. Kanuni ni mililita mara asilimia ya kileo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina karibu gramu 17. Chupa ndogo ya mililita 250 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina gramu 79, yaani karibu bia tano, na hapo ndipo anayesema "nimepunguza, nanunua kachupa kadogo tu" anapojipotosha. Mnazi, ile pombe ya utomvu wa mnazi, hauhesabiki vizuri kwa sababu unaendelea kuchachuka ndani ya kibuyu au dumu: wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, wa jioni una nguvu zaidi ingawa ni ule ule. Mwenye mpango wa kupunguza bora akae mbali na mangwe, vile vilabu vya mnazi. Andika kabla ya kunywa, wala usingoje umalize. Na wenzako wakubaliane mapema: ukivuka kikomo chako wiki tatu kati ya nne, lengo linabadilika kuwa kuacha, na daktari anaingia. Mguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, usiufanye mbadala. Unaondoa usingizi, na anayekosa usingizi usiku hutafuta pombe ya kumlaza.

Vikundi vya waliotoka vituoni, kama kile kituo cha serikali kilichoko Miritini, vina watu wanaoelewana kwa sababu walipitia siku mbaya pamoja. Udhaifu wao huwa pesa. Kikundi kinaanza kama msaada, kinageuka chama cha mzunguko, anayekunywa tena anakuwa na deni, na mwenye deni haji. Chama kiwe chama na msaada uwe msaada, siku tofauti na daftari tofauti. Kwa asiye na pa kuanzia kabisa, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo, na hapo unaweza kuuliza huduma iliyo karibu nawe.

Jambo la mwisho ninaloangalia ni siku mtu aliyeanguka anaporudi. Swali la kwanza lisiwe "kwa nini", liwe amekunywa siku ngapi mfululizo na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Aliyekaa miezi bila pombe mwili wake haubebi tena kipimo cha zamani, na kiasi alichokizoea kinaweza kumzimisha. Na kama amerudia siku kadhaa mfululizo, arosto ya safari hii inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza, hasa kwa aliyekwisha kuacha na kurudia mara nyingi. Mtu mmoja ampeleke hospitali, mwingine apige simu kwao, na kiti chake kwenye mkutano wa kesho kiachwe wazi bila hotuba.