Chumvi ya mawe kwa samaki wa dhahabu: inachotibu, isichotibu na kipimo ninachotumia

Duka la samaki wa mapambo litakutolea chupa moja kwa kila ugonjwa. Mimi dawa ninayoanza nayo ni chumvi ya mawe, ile ya chembe kubwa inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya mwambao. Ni rahisi, inapatikana sokoni, na kwa samaki wa dhahabu ninaiamini kwa mambo matatu: madoa meupe, sumu ya nitriti (inayotokana na taka za samaki filta ikiwa changa), na kumpunguzia mzigo samaki aliyechubuka au aliyetoka safarini. Nje ya hayo siipi sifa isiyostahili.

Kwanza chumvi yenyewe. Wengi wanaogopa chumvi yenye madini joto. Kwa kipimo cha tiba, iodini iliyomo ni kidogo mno kumdhuru samaki. Ninachokikwepa ni chumvi laini ya mezani iliyotiwa kitu cha kuzuia isigandamane, hasa ikiwa pakiti ina alama E535 au E536. Viambata hivyo vina sianidi iliyofungwa ndani yake, na mwanga mkali unaweza kuifungua majini. Chumvi ya mawe haina hilo, ila ina mchanga. Iyeyushe kwenye ndoo ya plastiki kwa maji ya tangi, iache itulie nusu saa, kisha mimina maji ya juu polepole na uache tope chini.

Kipimo ndicho kinachowaponza watu. Pima maji, usipime tangi. Tangi lenye urefu wa sentimita 80 na upana wa 35, maji yakifika kimo cha sentimita 35, ni 80 × 35 × 35, yaani 98,000. Gawa kwa 1,000 upate lita 98. Toa takriban lita 10 za kokoto na mawe, inabaki 88. Kipimo kamili cha madoa meupe ni gramu 3 kwa lita, kwa hiyo gramu 264. Zigawe mara tatu, gramu 88 kila baada ya saa 12, ili samaki azoee. Tumia mizani ya jikoni. Kijiko kinadanganya, kwa sababu chembe kubwa huacha nafasi katikati na uzito hubadilika kila unapochota. Usimwage chembe kavu ndani ya tangi pia: samaki wa dhahabu huokota kila kinachoanguka chini, na chembe ikitulia juu ya ngozi humuunguza.

Kama maji yako ni ya kisima na yana ladha ya chumvi, jambo la kawaida sehemu nyingi za pwani, pima kabla ya kuanza. Kalamu ya kupima chumvichumvi za maji inafaa sana hapa. Kwa kalamu nyingi, kila gramu 1 ya chumvi kwa lita hupandisha namba kwa karibu 1,000. Andika namba ya mwanzo ukutani au kwenye daftari, utaihitaji mwishoni.

Sasa madoa meupe. Kabla ya kutia chochote, mwangalie samaki kwa karibu, taa ikiwa upande. Madoa ya ugonjwa yametapakaa ovyo mwilini na mkiani, kila moja likiwa kama punje ya semolina, na samaki hujisugua kwenye kokoto. Vipele vyeupe vilivyojipanga kwenye kifuniko cha matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani ni dalili ya dume aliye tayari kuzaliana. Huyo haumwi, mwache.

Kimelea cha madoa meupe kikiwa chini ya ngozi ya samaki, chumvi haikifikii. Kinakua, kinadondoka chini, kinajigawa mamia, na watoto wake huogelea kutafuta samaki. Hao wanaoogelea ndio chumvi inaowaua. Ndiyo maana siku mbili tatu za kwanza madoa yanaweza hata kuongezeka, watu wakakata tamaa na kubadilisha dawa. Vumilia. Maji yakiwa nyuzi 24 hadi 26 mzunguko huenda chini ya wiki. Nyanda za baridi, maji yakiwa nyuzi 18, hurefuka, na tiba nayo irefuke. Mimi huendelea siku 7 baada ya doa la mwisho kutoweka. Katika muda huo nyonya uchafu wa kwenye kokoto kila siku ya pili, kwa kuwa huko ndiko kimelea kinakojigawa.

Hapo ndipo hesabu ya pili inapokuja. Chumvi haivukizi. Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matupu, bila chumvi. Ukitoa maji kwa mpira, rudisha chumvi ya yale uliyotoa tu: lita 22 zikitoka, gramu 66 zirudi. Anayetia dozi nzima kila anapobadilisha maji humfikisha samaki kwenye gramu 5 au 6 bila kujua. Na chumvi haiondoi klorini, kwa hiyo maji ya bomba bado yanahitaji dawa yake.

Onyo moja ambalo sijaona likiandikwa kwenye mfuko wowote: kama filta yako ina zeolaiti, zile kokoto nyeupe za kunasa amonia (sumu nyingine ya taka za samaki), itoe kabla ya chumvi kuingia. Chumvi huifanya iachie amonia yote iliyoinasa, na tangi zima linaweza kudhurika usiku mmoja. Mkaa hauna tatizo hilo. Bakteria wa filta huvumilia gramu 3 vizuri.

Kwa sumu ya nitriti chumvi haina mpinzani, na hapa gramu 1 kwa lita inatosha. Tangi jipya, filta haijakomaa, samaki wananing'inia juu wakihema ilhali pampu ya hewa inafanya kazi, matamvua yamekuwa ya kahawia: hiyo ni nitriti imeharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni. Kloridi ya chumvi huizuia kuingia kupitia matamvua. Haiiondoi majini, kwa hiyo endelea kubadilisha maji na kupunguza chakula mpaka kipimo kisome 0.

Amonia ni habari nyingine. Chumvi haisaidii kitu. Badilisha maji, tena haraka kama pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, imepita 8, maana hapo sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa sumu kali. Samaki aliyevimba hadi magamba yamesimama, anayeelea kichwa chini, mwenye minyoo ya nanga iliyojichomeka mwilini, au mwenye mapezi yaliyooza mpaka kwenye shina, usimpotezee siku kwa chumvi. Aliyefunga choo hutibiwa kwa haluli, yaani magnesiamu salfeti, ambayo ni chumvi nyingine kabisa.

Josho la gramu 10 kwa lita, dakika 5 hadi 10 kwenye ndoo yenye jiwe la hewa, hulitumia kwa samaki mgeni mwenye ute mwingi. Simama hapo hapo. Akianza kulala ubavu, mtoe.

Kasoro zake: mimea mingi laini hunyauka, konokono huathirika, na taa zenye vyuma hushika kutu.

Ukimaliza, usiache chumvi ndani kama kinga. Vimelea vinavyoishi nayo muda mrefu huizoea, na siku ya ugonjwa haitafanya kazi. Badilisha asilimia 30 ya maji kila baada ya siku mbili. Kutoka gramu 3 utashuka hadi 2.1, kisha 1.5, 1.0 na 0.7. Endelea hivyo mpaka kalamu ikaribie namba uliyoiandika mwanzo, ndipo urudishe mimea na zeolaiti mpya.