Dragon's Dogma: Dark Arisen — Bado Inafaa Kwa Laptopu Yako?

Habari zenu watazamaji, mlioko Kampala, Jinja, Bombo, Arua na kokote mnakonitazama. Karibuni tena. Leo nachambua gemu ya Dragon's Dogma: Dark Arisen.

Najua kuna atakayesema hiyo ni ya zamani. Ni kweli. Capcom, kampuni iliyoitengeneza, waliitoa mara ya kwanza Mei 2012 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, mwaka uliofuata wakaiongezea kisiwa kizima na jina hilo la Dark Arisen, na ya kompyuta ikaja Januari 2016. Nimeichagua makusudi. Ujumbe ninaoupata zaidi kwenye chaneli hii ni wa mtu mwenye laptopu ya mtumba anayeuliza ni gemu gani ya mapanga, uchawi na majoka mashine yake itaimudu. Jibu langu ni hii. Nunua. Lakini ina mapungufu ya kweli, na ni afadhali uyasikie kwangu kabla hujatoa pesa.

Tuanze na mashine, maana hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Capcom wanaomba RAM ya GB 4, nafasi ya GB 20 kwenye diski, na kadi ya picha ya daraja la GTX 470, ambayo ilitoka 2010. Elden Ring, gemu nyingine ya aina hii, inataka RAM ya GB 12 na nafasi ya GB 60. Dragon's Dogma 2, iliyotoka Machi 2024, inataka RAM ya GB 16, na hata wenye mashine kubwa walilalamika kwamba ukiingia mjini inaanza kusuasua. Sasa piga hesabu ya bando. Tangu Julai 2021 kila bando la intaneti hapa Uganda lina kodi ya asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo GB 20 na GB 60 haziumizi mfuko sawa. Ukishaipakua, hadithi nzima unaicheza bila mtandao. Na kama unaogopa mashine yako haitaiweza, Steam, duka la gemu la mtandaoni, wanarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujafikisha saa mbili za kucheza. Zitumie hizo saa mbili kuipima barabara.

Haya, gemu yenyewe. Unaanzia Cassardis, kijiji cha wavuvi. Joka linashuka, linakupasua kifua, linachukua moyo wako na kuumeza. Hufi. Unaamka na kovu kifuani, na kuanzia hapo wewe ni Arisen, mtu ambaye kazi yake ni kulifuata joka lile akadai moyo wake.

Nguvu ya gemu hii ni mapigano. Aliyeiongoza ni Hideaki Itsuno, yule yule wa gemu za Devil May Cry 3 na 4, na mkono wake unaonekana. Ngoja niwaonyeshe griffin. Ona hapa: tuko uwandani, jua linapiga, kivuli kinapita juu ya majani halafu dude linatua. Ana mwili wa simba, kichwa na mbawa za tai. Ukibaki chini unamkatakata miguu utachoka bure, maana akiona mambo magumu anaruka. Nitakachofanya ni kumrukia na kushika manyoya. Sasa napanda, nafika shingoni, naanza kuchoma kisu. Anapaa na mimi niko juu yake! Angalieni ule mstari wa pumzi hapo chini ya skrini, unapungua kila sekunde ninayoendelea kushikilia. Ukiisha naachia, na kutoka kimo hiki nikianguka nimekwisha. Chini kule mchawi wangu, mmoja wa wasaidizi ninaotembea nao, anamalizia kusoma uganga wake. Moto unashika mbawa, griffin anaanguka, na sote tunamvamia kabla hajasimama.

Hakuna video ya kukatiza hapo, hakuna kubonyeza kitufe kinachomulika. Yote nimeyafanya mwenyewe. Na kila jitu lina namna yake. Chimera ana kichwa cha simba, cha mbuzi na mkia wa nyoka. Nyoka ana sumu, mbuzi anaroga, kwa hiyo unaamua unaanza na nani. Cyclops, jitu la jicho moja, unamlenga jichoni. Golem, jitu la mawe, hasikii panga mpaka umtafute zile sahani zinazong'aa mwilini mwake na kuzivunja moja moja. Gemu haikupi mhadhara. Inakuacha utazame, ujaribu, upigwe, ujifunze.

Wanaokufundisha zaidi ni wasaidizi wako, wanaoitwa Pawns. Mmoja unamuumba wewe mwenyewe, sura, sauti na kazi, na huyo ni wako mpaka mwisho. Wengine wawili unawakodi, na mara nyingi wameumbwa na wachezaji wengine duniani. Wazo hili linanigusa kila nikilieleza. Wa kwako naye anakodiwa. Ukiwa umeunganisha intaneti ukalala kwenye nyumba ya wageni, taarifa zake zinapanda mtandaoni, na anaweza kwenda kumsaidia mtu Brazil au Japani, akarudi na zawadi na ujuzi. Kama kule walipigana na adui ambaye wewe hujakutana naye, siku mtakapokutana naye yeye ndiye atakayekuambia umchome wapi. Kwa mtu wa bando dogo hii ni rahisi sana: washa intaneti kidogo, lala, zima. Na ukiwa huna bando kabisa, gemu inao wasaidizi wake wa kukodi.

Shida yao ni mdomo. Wanaongea mno. Kila goblin akitokea wanakukumbusha kwamba anaogopa moto, kila mbwa mwitu akitokea wanakukumbusha kwamba wanawinda kwa kundi, na sentensi ni zile zile. Kuna kiti fulani kwenye nyumba za wageni ambapo unamkalisha msaidizi wako na kumwelekeza aongee kiasi gani na apigane vipi. Kitumieni mapema.

Kuhusu kazi, ziko tisa. Unaanza na Fighter (mpiganaji wa upanga), Strider (mwepesi wa visu na upinde) au Mage (mchawi), halafu zinafunguka nyingine sita, na unabadilisha utakavyo. Ninayoipenda ni Magick Archer, anayerusha mishale ya uchawi inayomfuata adui mpaka gizani. Ila kuna jambo gemu hailisemi waziwazi: kila unapopanda levo, nguvu unazoongezewa zinategemea kazi uliyokuwa nayo wakati huo, na hakuna kurudi nyuma. Ukipanda levo nyingi ukiwa Fighter halafu ukageuka Sorcerer, mchawi wa mashambulizi, uchawi wako utakuwa hafifu. Ni jambo zito, na lilistahili kuelezwa mlangoni.

Safari nazo zina uzito wake. Unachobeba kinahesabiwa, na ukijijaza unapanda mlima kama baiskeli iliyofungwa mikungu ya matooke: mwendo mdogo, pumzi fupi. Nyama inaoza mfukoni. Na usiku! Usiku wa gemu hii ni giza totoro. Taa yako ya kiunoni inakula mafuta, na ukiingia majini inazimika. Kuna gemu chache sana ambazo zimewahi kunifanya nitazame jua linavyoshuka nikaanza kukimbilia mjini. Ningetamani watengenezaji wengi wasome somo hilo.

Sasa panapouma. Barabara. Mara nyingi unatembea kwa miguu, na njia ya kutoka Gran Soren, mji mkuu, ina maadui wale wale, mahali pale pale, ukienda na ukirudi. Mara ya kwanza ni vita vya kusisimua, baadaye ni kero. Toleo hili linakupa Ferrystone isiyokwisha, ambayo inakurusha papo hapo mpaka penye Portcrystal, kito cha kuweka alama ya mahali, lakini Portcrystal za kujiwekea unapotaka ni chache na huzipati mapema.

Hadithi inaanza kwa kishindo na kumalizika kwa kishindo kikubwa zaidi, na mwisho wake sitauharibu, maana ni mojawapo ya miisho yenye ujasiri niliyowahi kuiona. Katikati ndipo inapolegea. Unatumwa na jumba la mtawala, nenda kule, rudi hapa, na watu wengi huwajui vya kutosha hata uwahurumie. Misheni za pembeni zinafungwa kimya kimya ukisogea mbele kwenye hadithi, bila onyo lolote. Mapenzi ndiyo yameharibika kabisa. Gemu inajumlisha jinsi unavyoongea na watu, unavyowapa zawadi na kuwasaidia, halafu yenyewe inaamua nani mpenzi wako. Kuna wachezaji wengi waliofika kwenye joka wakakuta mpenzi wao ni muuza silaha, kwa sababu tu walinunua sana dukani kwake. Tukio lililopaswa kukuvunja moyo linakosa uzito.

Kiingereza chake nacho ni cha kizamani, cha mabwana na mashujaa, na Kiswahili hakimo. Kwa mdogo wako wa shule ya msingi maelezo mengi yatampita.

Kusevu kuna uzuri na ubaya. Uzuri ni kwamba unasevu mwenyewe ukiwa njiani, kwa hiyo umeme ukikatika, na tunajua hukatika, hupotezi jioni nzima kama una mazoea ya kusevu. Ubaya ni kwamba faili ni moja tu. Nyumbani kompyuta ni moja, akaunti ni moja, ndugu ni watatu: atakayeanza upya anafuta safari ya mwenzake. Kwa familia za kwetu hili ni kosa kubwa kuliko yote niliyotaja, na hakuna njia nzuri ya kulikwepa ndani ya gemu yenyewe. Mkubaliane kabla ya kuanza.

Ukishazoea, majitu ya Gransys, nchi ya gemu hii, yanakuwa mepesi. Hapo ndipo uende kisiwa cha Bitterblack, kile kilichoongezwa 2013. Safari yake inaanzia Cassardis usiku. Huko hata Kifo chenyewe kinatembea, kina taa mkono mmoja na fyekeo mkono wa pili, na pigo moja linakumaliza. Usiende mapema.

Bei yake ya kawaida Steam ni dola 30 kasoro senti, lakini hupunguzwa mara kwa mara na kushuka sana, kwa hiyo iweke kwenye orodha yako usubiri punguzo. Kama mko wawili mnatafuta ya kucheza pamoja kwenye kochi moja, hii haina hiyo nafasi, ni ya mtu mmoja. Kama uko peke yako, mashine yako ni ya kawaida na unataka vita vya kushika jitu manyoya, pakua. Ukianza, chukua Strider, anapanda majitu haraka kuliko wenzake, msaidizi wako mfanye Mage awatibu, na msitoke Cassardis bila chupa za mafuta ya taa.