Nilinunua pikapu ya gita kwa kuangalia omu: uzoefu wangu

Kwa miaka mingi nilichagua pikapu za gita langu la umeme (zile koili za waya zenye sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) kwa namba moja tu: ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu. Kilo-omu nyingi, nguvu nyingi. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyowaambia wengine. Basi nilipoona pikapu ya koili mbili inasifiwa kwa nguvu zake, kilo-omu 13, sikusita. Nikaitoa ile ya zamani ya kilo-omu 8.3 iliyokaa upande wa daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gita, nikalehemu mpya, nikawasha amplifaya.

Sauti ilikuwa ileile. Labda imefifia kidogo kwenye nyuzi nyembamba, basi. Nikarudia kulehemu, nikapandisha skrubu, nikashusha. Hakuna kitu.

Ndipo nikanunua kipimio cha LCR (kinachopima indaktansi, kapasitansi na ukinzani), kile cha mkononi, na hicho ndicho ninachokisifu leo. Nilizifungua pikapu zote mbili kutoka kwenye potenshiomita, yaani vidhibiti vya sauti vya gita (zikiwa zimeungwa, namba hudanganya), nikaweka kipimio kwenye hezi 100, nikasoma indaktansi, yaani jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya mkondo wa umeme, inayopimwa kwa henri. Ya zamani: henri 4.6. Mpya: henri 4.9. Nilikaa nikizitazama hizo namba kwa muda. Zote mbili zina sumaku za aina moja, alniko 5, na zimeundwa kwa mtindo mmoja, na indaktansi hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili. Maana yake pikapu mpya imenizidishia mizunguko kama asilimia 3 tu!

Zile kilo-omu za ziada zilitoka wapi? Kwenye waya. Ya zamani imesukwa kwa waya namba 42, wenye unene wa milimita 0.063, mpya ni namba 44, milimita 0.05. Waya ukiwa mwembamba, ukinzani hupanda hata kama mizunguko haijaongezeka. Tena omu zenyewe hazitulii: niliishika pikapu ya zamani kiganjani ili nisome vizuri, na 8.3 ikaanza kupanda yenyewe, kwa sababu shaba ikipata joto la nyuzi Selsiasi 10 zaidi huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 4.

Henri zina faida nyingine. Ukizipigia hesabu pamoja na kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) ya kebo na ya pikapu yenyewe, unapata masafa ambayo pikapu hupaza zaidi kabla sauti za juu hazijaanguka. Kebo yangu ya mita 5 ina kama pikofaradi 500, na pikapu yenyewe niliikadiria 100. Hesabu ikanipa kilohezi 3.0 kwa ya zamani na 2.9 kwa mpya. Sikio langu halikuwa na kosa. Nilipochomeka kebo ya mita 3, pikapu hiyohiyo mpya ikapanda hadi karibu 3.6, na huo mng'ao niliusikia kuanzia mpigo wa kwanza. Kebo fupi ilifanya kazi ambayo pikapu nzima ilishindwa.

Kipimio kina upungufu wake. Hakikwambii nguvu ya sumaku, na pikapu yenye kifuniko cha shaba nyeupe au nikeli husomeka tofauti ukipandisha hadi kilohezi 1, kwa hiyo linganisha vitu kwa hezi zilezile.

Pikapu ya zamani imerudi mahali pake. Muuzaji wa ile mpya nilimwandikia nikaomba henri za modeli nyingine anayoiuza. Alinijibu kwa kilo-omu, nami sikununua.