Pampu ya kupima presha ya rejeta: nimeitumia miezi 9, haya ndo niliyoyaona

Gari yangu ilikuwa inapoteza kulanti (maji ya kupozea injini) kidogo kidogo, najaza kwenye rizevu, lile tangi dogo la akiba, mpaka alama ya MAX, wiki mbili zikipita nakuta iko chini ya MIN, na chini ya gari pakavu kabisa. Nikalaza kadibodi chini ya injini usiku kucha, asubuhi hata tone hamna. Haichemshi, geji ya temprecha iko palepale ilipozoea kukaa, kapeti la ndani kavu, moshi wa kawaida. Fundi mmoja akachungulia kwa macho dakika tano akasema rejeta imechoka nunua nyingine, wa pili akaniambia we ongeza maji tu mbona gari inatembea. Majibu yote mawili yaliniudhi sana maana hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Ndo nikanunua hii pampu ya mkono ya kupima presha, na sasa ni miezi 9 naitumia, nimepimia gari yangu, ya dada, na ya jirani.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni pampu ndogo kama ya baiskeli, ina geji ya mshale, ina mpira, na mwisho wa mpira unafunga adapta inayokaa pale penye mfuniko wa rejeta au wa rizevu kutegemea na gari. Unapampu injini ikiwa ya baridi, unaiwekea presha ile inayokuwa nayo ikiwa ya moto, af unaacha unaangalia mshale. Ukitulia dakika 10 au 15 hapo kwa wakati ule hapavuji. Ukishuka pana tundu, na uzuri wake injini imezimwa, feni haizunguki, hamna kelele, unaingiza mkono na tochi kila kona bila kuungua.

Hiyo presha watu wengi wanaidharau ndo maana naisema. Kulanti ya nusu kwa nusu na maji inachemka kwenye nyuzi 106 hivi ikiwa wazi, ila mfuniko ukishikilia presha ya karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha) inafika mpaka kwenye 129. Kwa hiyo mfuniko ni sehemu ya kupoza injini kabisa, sio kizibo cha kuzuia maji yasimwagike. Na ndo maana kuna sehemu haivuji gari ikiwa imelala, inavuja ukiwa barabarani tu, maji yakipata msukumo yanatoka, yakigusa chuma cha moto yanakauka hapohapo, ukifika nyumbani ukifungua boneti huoni kitu zaidi ya unga unga wa rangi ya kulanti mahali, na huo unga watu wanaufuta wakidhani ni vumbi. Jamani msiufute, huo ndo ushahidi wenyewe.

Basi siku ya kwanza nikasoma mfuniko wangu, umeandikwa 1.1, nikapampu mpaka hapo nikaishia hapo. Hii muhimu, usizidishe namba ya mfuniko, ukizidisha unaweza kupasua hosi au tangi la plastiki la rejeta na ukajitafutia lika (yaani mvujo) ambayo haikuwepo. Mshale ukaanza kushuka taratibu, dakika kama nane ukawa kwenye 0.9. Nikazunguka na tochi, hosi ya juu kavu, ya chini kavu, klempu zote kavu, pale plastiki ya rejeta inapoungana na aluminiamu kavu, yaani ile rejeta niliyoambiwa imechoka haikuwa na shida yoyote. Nikatulia kimya, nikasikia fss fss upande wa mkanda. Nikaingiza kioo kidogo cha mkono nikaona wota pampu, ile inayozungusha kulanti kwenye injini, kwa chini ina katundu kadogo, kulanti inatoka hapo tone moja kila baada ya muda inateremka kwenye bloku. Hako katundu kamewekwa makusudi na waliotengeneza, sili ya ndani ya wota pampu ikichoka maji yanatokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Injini ikiwaka mkanda unayarusha na joto linayakausha, ndo maana kadibodi yangu ilikuwa inaamka kavu. Nikabadilisha wota pampu na gasketi yake, nikajaza, nikatoa hewa vizuri, nikapima tena, mshale haukusogea. Rizevu mpaka leo haijashuka.

Kwa hilo peke yake mimi naipa nyota 5, ila subirini nina malalamiko pia.

Gari ya dada ilikuwa kesi tofauti. Yeye ilikuwa inamwaga kwenye rizevu akipanda mlima, akashauriwa kununua rejeta na thamostati (vali inayofungulia kulanti njia injini ikipata moto) kwa pamoja. Nikapampu mshale ukaganda dakika 20 haushuki hata kidogo. Sasa kumbe kwenye boksi kuna adapta ya kupimia mfuniko wenyewe, unaufunga kwenye pampu unapampu unaona unafunguka kwenye ngapi. Wa kwake umeandikwa 0.9 ukafunguka kwenye 0.4, springi imelegea na raba yake ina ufa. Mfuniko mpya, tatizo kwisha. Kitu kidogo hivo kilikuwa kinaelekea kumbebesha gharama ya rejeta nzima.

Ya jirani ndo iliyoniuma. Mshale unashuka haraka, nje kote kavu, kapeti la ndani kavu na kioo hakipati ukungu kwa hiyo sio rejeta ndogo ya hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari. Tukatoa plagi zote nne, tatu zina rangi ya kawaida ya udongo, moja ncha yake nyeupe safi kama imeoshwa, na kweli ilikuwa inaoshwa na mvuke, maji yalikuwa yanaingia kwenye silinda. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini (hedi). Alikuwa ameshaongeza maji miezi mizima kwa sababu asubuhi ilikuwa inatoa moshi mweupe kidogo akidhani ni baridi tu. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, lakini mfumo wa kupoza ukivuja hakuna anayepata nafuu, hata kidogo. Angepima mapema pengine hedi isingepinda, na inaniuma kwa sababu ni kazi ya nusu saa tu.

Sasa malalamiko. Mpira wake ni mfupi, kwenye gari ambayo mfuniko umejificha nyuma unakosa pa kuweka geji ukaiona vizuri. Namba za psi zimeandikwa kubwa na za bar ndogo mno, wakati mifuniko mingi inasoma kwa bar au kPa, kwa hiyo shikeni hili, bar 1 ni psi 14.5 na ni kPa 100. Adapta zimepakwa rangi ila karatasi ya maelezo haisemi rangi ipi ya gari ipi, nilijaribisha moja moja mpaka nikapata. Na adapta isipokaa vizuri inavuja yenyewe, mshale unashuka unaanza kushuku gari bure, kwa hiyo kwanza paka maji ya sabuni pale kwenye adapta uone kama hapatoi mapovu.

Na kuna kitu haiwezi. Lika nyingine inatokea injini ikiwa ya moto tu, chuma kikitanuka, ukipima baridi mshale unatulia. Hapo unahitaji ile rangi inayong'aa kwa taa ya UV, unaimimina kwenye kulanti, unaendesha siku chache, af usiku unamulika unaona inang'aa kijani au njano pale inapotokea. Nimejaribu, inafanya kazi, ila ni ya uvumilivu. Ile dawa ya kuziba rejeta mi siitaki kwenye gari yangu, inaziba tundu na inaweza kuziba vijia vyembamba vya hita na rejeta pia, ukija kutengeneza kwa kweli unaanza na kusafisha uchafu wake.

Usalama naomba mnisikilize. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na kitambaa, subiri mpaka hosi ya juu uikamate na mkono ukiisikia laini na ya baridi. Ukimaliza kupima toa presha kwanza kwa ile vali ya pembeni ndo ufungue adapta, mi mara moja niliharakisha kidogo ikanirushia kulanti usoni, bahati ilikuwa baridi. Na iliyomwagika ioshe na maji mengi, ni sumu, ina utamu wanyama wanaulamba, na watoto pia.

Kama una gari moja jipya sina sababu ya kukwambia ununue. Ila kama gari lako lina umri na umeshaongeza kulanti zaidi ya mara mbili mwaka huu bila kujua inaenda wapi, au nyumbani mna magari mawili matatu, nunua, au tafuta fundi mwenye nayo na umwambie kabisa unataka apime mbele yako na uone mshale.

Kingine, zile raba nyembamba za ndani ya adapta zinachoka, yangu ya kwanza ilikatika mwezi wa sita. Kabla hujalipia uliza kama wanauza raba peke yake, mi ilibidi nitafute o-ringi ya saizi hiyo dukani na nimenunua tatu za akiba nimeziweka ndani ya boksi.